Mluzi wa Fedha

Mliniacha nimepiga magoti mbele ya wapiga mbizi wote wa kijiji chetu, naomba radhi kwa kifo ambacho sikukisababisha. Magoti yamepona. Mengine bado.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni Bu Mal-sun, mwanamke wa Jeju, mpiga mbizi kama mama yangu na mama yake. Mwaka juzi, asubuhi moja ya ukungu, tuliingia baharini watatu tu. Mimi, mdogo wangu Yeon-sil, na mama mkwe wangu Kang Ok-nyeo, ambaye ndiye mkuu wa kundi letu. Tulitoka wawili.

Mama mkwe aliwaambia watu kwamba mwenza wa Yeon-sil majini nilikuwa mimi, na kwamba nilimwacha nikakimbilia kombe wa bei mbaya. Mimi nilisema ni yeye aliyenituma ng'ambo ya mwamba, akabaki na mdogo wangu. Neno la mkuu dhidi ya neno la mkwe. Mnajua wenyewe nani aliaminiwa.

Nikapigishwa magoti mbele ya sadaka za Mfalme Joka wa baharini. Boya langu likatundikwa ukutani, na tangu hapo nachambua machenza kwenye banda la kufungashia. Mume wangu akachukua kazi kwenye meli ya jodari, na akipiga simu anaongea na mama yake. Mama yangu mzazi hali chakula nilichopika wala hasemi nami.

Msomaji mmoja wa kiume ameuliza kwa nini sikuhama. Ndugu yangu, mpiga mbizi ahamie wapi, jangwani? Nilitaka kitu kimoja tu, nirudi majini na jina safi. Mengine yote nilikuwa tayari kuyameza.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Siku moja mama mkwe alirudi kutoka mkutanoni amechangamka kama bibi harusi.

"Mama Tae-gyu," akaniita. Tae-gyu ni mwanangu. Jina langu mwenyewe mama huyu hajalitia mdomoni tangu niolewe na mwanawe. "Jumamosi tuna wageni kutoka bara. Imetoka sarafu ya fedha ya kukienzi kisiwa chetu. Upande mmoja Mlima Halla na kulungu wake, upande wa pili sisi."

"Sisi nani?"

"Wapiga mbizi. Wewe utakuja kuosha vyombo."

Nikaenda kuosha vyombo. Ningekataa, kesho yake ningesikia kwamba nawaonea wenzangu wivu.

Mkubwa wa msafara, Bwana Noh, alikuwa ameambiwa kwamba atapokelewa na Samchun Kang. Kwetu sisi, yeyote aliyekuzidi umri ni samchun, awe mwanamume au mwanamke, awe ndugu au jirani. Huko bara samchun ni baba mdogo tu, na lazima awe dume. Basi Bwana Noh akashuka garini, akampita mama mkwe wangu na hariri yake yote, akaenda kumwinamia mzee Ko aliyekuwa akishusha viti kwenye trekta.

"Samchun Kang, ni heshima kubwa kwangu."

Mzee Ko akamtazama, kiti mkononi. "Mimi nashusha viti tu, bwana."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Jirani yangu Yang In-ok, ambaye ulimi wake haujui likizo, akasema, "Samchun ndiye huyo uliyempita, mgeni. Ndevu zake huota akikasirika tu."

"Samchun ni mimi," mama mkwe akasema, na hata yeye akacheka.

Nami nilicheka, mikono ikiwa kwenye sabuni. Ilikuwa muda mrefu sijacheka pamoja nao.

Hotuba zikaanza. Bwana Noh akaeleza urithi wa asili, akaeleza urithi wa utamaduni, akaeleza fedha ilivyo safi. Kisha akavuta kitambaa kilichofunika picha ya sarafu hiyo, iliyokuzwa ikawa kubwa kama meza ya duara.

Alikuwa Yeon-sil.

Walikuwa wamemvua suti yake ya mpira wakamvisha nguo nyeupe za pamba, zile za zama za bibi zetu, maana mpira si urithi. Lakini uso ulikuwa wake. Mashavu yake, kidevu chake, na kile kinundu cha kwenye paji la uso alichokipata utotoni kwa kuanguka kwenye ukuta wa bustani yetu. Kichwa kiko nje ya maji, mkono umeinuka, mdomo uko wazi.

"Huu," Bwana Noh akasema kwa fahari, "ndio ule mluzi maarufu. Mpiga mbizi anapotoka kilindini huitoa pumzi yake kwa mluzi. Mchongaji wetu ameunasa wakati huo wa furaha ya uhai."

Ukumbi ukawa kimya. Wageni wakadhani tunatoa heshima.

Kila mwanamke mle ndani amepiga mluzi ule tangu usichana wake. Mluzi hubana midomo, huivuta mbele, mashavu yakaingia ndani. Mdomo wa Yeon-sil ulikuwa umeachama wote, meno ya chini yanaonekana.

In-ok alikuja jikoni kana kwamba anafuata bakuli. "Mal-sun. Ule si mluzi."

"Naona."

"Anaita mtu."

"Naona, In-ok."

"Wote tumeona. Nyamaza kama tunavyonyamaza."

Mbele kule mama mkwe alianza kupiga makofi, na kundi zima likamfuata.

Chakula kikapakuliwa, tambi za supu ya nguruwe. Nikajitolea kukipeleka meza ya pembeni, kwa sababu pale aliketi mpiga picha, Mwalimu Seo kutoka Seoul, ambaye picha yake ndiyo iliyochongwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye nywele ndefu kidogo. Hakujua mimi ni nani. Kwake nilikuwa mama wa jikoni.

"Mwalimu, samahani. Picha ile uliipiga siku gani?"

Alifurahi kuulizwa. "Mwaka juzi. Asubuhi ukungu ulitanda, halafu jua likatoka ghafla. Nilikuwa juu ya mwamba na lenzi ndefu. Nilikuwa na bahati sana, maana ndege yangu ilikuwa mchana wa siku hiyohiyo."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mwenzake alikuwa karibu. Kama kutoka hapa hadi pale mlangoni. Akizama, akiibuka, akizama tena, kazi yake tu. Uso wake sikuuona, miwani ya kuzamia imemfunika. Yeye hakuwa na wasiwasi, kwa hiyo na mimi sikuwa nao." Akavuta tambi, akatabasamu. "Tena ilikuwa inachekesha, mama. Yule wa pichani alikuwa akiita, 'Samchun, samchun.' Nikageuka kumtafuta huyo baba yake mdogo ufukweni. Sikuona mwanamume hata mmoja."

Nilipima kwa macho kutoka meza ile hadi mlangoni.

Wasomaji wangu, Yeon-sil hakuwahi kuniita samchun. Mimi nilikuwa dada. Akiwa na njaa, dada. Akiniibia soksi, dada. Usiku alipougua homa akawa hatambui hata ukuta, aliniita dada. Siku ile tulikuwa watatu majini, na mwenye umri wa kuitwa samchun na Yeon-sil alikuwa mmoja tu. Ndiye yule ambaye Bwana Noh alikuwa amempita pale garini.

"Nilisikia baadaye kwamba alifariki," Mwalimu Seo akasema. "Pole sana. Aliugua?"

"Alifariki saa ile."

"Saa ipi?"

"Ile uliyowauzia."

Vijiti vya kulia vikamtoka. Akaitazama ile picha ukutani, akaitazama kwa muda, na nikaona anavyoanza kuusoma upya ule mdomo. Kisha akageukia meza ya wakubwa.

"Mama, nakuomba. Si leo. Wako pale."

"Utasema ulichosikia? Mbele ya watu?"

"Nipe nafasi nifikiri."

Kufikiri. Mdogo wangu hakupewa nafasi ya kufikiri.

Nilimkuta mama mkwe nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria, amekuja kuhakikisha nyama haijaibiwa.

"Yeon-sil alikuita," nikamwambia. "Alikuita samchun. Mtu wa kamera alimsikia."

Hakushtuka. Aliondoa punje ya wali kwenye mkono wa nguo yake.

"Hata mimi nilimsikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake. Uongo wake nilishauzoea, naujua unavyoingia na unavyotoka. Ukweli wake sikuwa na pa kuushikia.

"Nilikuwa nimeshamtia kombe chuma cha kumbandulia," akasema. "Mkubwa kama sahani. Wewe unamjua kombe, ukimgusa ukamwacha anajibana na mwamba, humtoi tena. Nikadhani mdogo wako anatania. Siku zote alikuwa mtu wa kutania. Nilipopanda na kombe wangu, kimya."

"Na ukasema ni mimi."

"Ilibidi apatikane mtu wa kulaumiwa. Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Alisema hivyo kama anayeeleza kwa nini alichukua mwavuli wa jirani.

"Mkuu akianguka, kundi zima linaanguka," akaendelea. "Nani atasimama na wanunuzi? Nani atawatisha wanaotutupia nyavu zao mbovu? Mkwe akianguka anachambua machenza. Nilipima, nikaona bora machenza."

"Na picha hii uliijua?"

"Walikuja kuomba ridhaa, nikatoa. Nilitaka marehemu naye apate kitu." Akachomoa kiboksi kidogo cha buluu kwenye mkoba. "Sarafu hii wameitoa kwa ajili ya mama yenu. Mpelekee."

"Nitawaambia watu."

"Waambie. Ulipiga magoti ukaomba radhi, wote wakaona. Nani huomba radhi kwa kosa si lake?"

Hapo alinipata. Nilipiga magoti kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, kwa sauti ya mama, kwamba nikiinama kidogo tu mambo yatakwisha.

Akanisogelea. "Mama Tae-gyu, chagua. Unataka jina au unataka bahari? Jina siwezi kukupa, mimi bado nalitumia. Bahari naweza. Kesho kundi linapumzika. Chukua boya lako ukutani, tuingie wawili. Watu wakiona umetoka majini na mimi, hakuna atakayekuzuia tena."

Nitukaneni mkitaka. Nilisema, "Ndiyo, mama."

In-ok alikuwa upande wa pili wa masufuria, amechuchumaa, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

"Nimesikia yote," akasema mama mkwe alipoondoka. "Na usinitaje kama shahidi. Watoto wangu wanakula kwenye kundi hili."

"Sitakutaja."

"Ila nikuulize. Mtu ameficha neno muda wote huu, leo anakwambia wewe, tena kwa upole. Halafu anakualika majini, wawili tu. Mal-sun, hiyo ni bahari au ni kaburi?"

Swali hilohilo lilikuwa linanitafuna.

Nilimpelekea mama yangu mzazi sarafu kabla ya giza. Nilimkuta ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, anamenya vitunguu saumu. Akafungua kiboksi, akaiweka sarafu kwenye kiganja, akaisogeza karibu na macho. Mama alizamia mpaka masikio yake yakafa. Haoni vizuri, hasikii vizuri, lakini bahari hajaisahau.

"Anamwita nani?" akauliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu msiba. Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa hamu ambayo siwezi kuieleza, hata lingekuwa tusi. Na jibu nilikuwa nalo, liko mdomoni, fupi.

"Sijui, mama," nikasema.

Akafunga kiboksi. Akarudi kwenye vitunguu vyake. Nililia njia nzima nikirudi, na sikujificha.

Asubuhi bahari ilikuwa imelala. Nilipochukua boya langu ukutani lilikuwa na vumbi na utando wa buibui, nikalifuta kwa mkono kama uso wa mtoto. In-ok alinipita njiani na kapu lake, akasema bila kusimama, "Yule mtu wa kamera hakupanda ndege. Kalala nyumba ya wageni."

"Anafanya nini?"

"Nimwulize mimi?"

Kule chini kwenye uzio wa mawe tunakoota moto, mama mkwe alikuwa ameshavaa. Akanyoosha kamba ya boya lake kwangu bila neno. Ni kazi ya mkwe kumfungia mkuu kamba, nimeifanya tangu niolewe, naweza kuifanya nikiwa nimefumba macho. Niliifunga kama ninavyoifunga siku zote, nadhani.

Tukaingia.

Jamani, bahari. Baridi yake ilinishika shingoni na mwili wote ukakumbuka. Nilizama, nikaona mawe yangu, mwani wangu, kila kitu kiko palepale kama jiko la mtu aliyesafiri. Nilipopanda, mluzi ulinitoka wenyewe, mrefu, nikausikia unagonga mwamba na kurudi. Kwa muda huo mdogo nilikuwa na furaha, na siwadanganyi, sikuwa nikimfikiria Yeon-sil.

Lakini mgongo sikumpa mama mkwe. Akizama, nilibaki juu. Akiibuka, nilihesabu mikono yake yote miwili. Nilingoja nione atanifanyia nini. Hakufanya kitu. Alizama, akatoka, akapiga mluzi, akatia pweza kwenye wavu, akazama tena. Mara moja aliniuliza, "Miwani yako haivuji?" kama mama yeyote.

Nikaanza kuona aibu. Nikajiambia, labda alitaka tu kunirudisha. Labda huo ndio msamaha wa watu wa aina yake, hauna maneno.

Nikazama kwa amani. Chini ya jiwe moja nikaona kombe, mkubwa, nikamwacha. Niliporudi juu, bahari ilikuwa imeanza kuinuka. Nikapiga mluzi. Wa kwake haukujibu.

Boya lake lilikuwa linakwenda lenyewe, mbali, kamba niliyomfungia ikiburuzika nyuma. Yeye alikuwa huku, hana cha kushikia, anapiga maji kwa mikono. Mguu wake ulikuwa umekakamaa. Nilimwona akijaribu kuukunja, akameza maji, akakohoa.

"Mama Tae-gyu," akaita.

Kutoka nilipo hadi alipo ilikuwa kama kutoka mezani hadi mlangoni.

"Mama Tae-gyu. Boya."

Boya langu lilikuwa kifuani pangu. Mapezi yangu ya miguuni yalikuwa mazima. Wimbi likampitia usoni, akatoka tena, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani kwake, aliniita kwa jina.

"Mal-sun."

Mdomo wake uliachama wote, meno ya chini yakaonekana. Niliujua mdomo ule. Jana yake ulikuwa ukutani, umekuzwa, watu wanaupigia makofi.

Sikusogea. Sijui kama nilikuwa nimeamua au nilikuwa naamua. Nilisikia mbofyo mdogo juu ya mwamba, nikageuza uso.

Mwalimu Seo alikuwa amesimama pale na lenzi yake ndefu. Safari hii hakuwa akimpiga picha anayeita. Alikuwa amenielekezea mimi.